IEM za waya kwa laki na nusu, simu haina tundu la jeki: nianzie wapi?

kibwagizo_dsm

Wakuu, habari za jioni.

Natafuta IEM, yaani earphone za kuingia ndani ya sikio. Bajeti yangu ni laki moja na nusu, adapta ikiwemo. Simu ni Galaxy A54, haina tundu la jeki. Nasikiliza zaidi ndani ya Mwendokasi, Kimara hadi Kivukoni na kurudi, na mchana ofisini Posta ambako kiyoyozi hakizimwi. Muziki ni dansi la zamani na taarabu kwa wingi, singeli kidogo. Mafaili ni mchanganyiko: FLAC (zisizopunguzwa ubora) kiasi, mengine mp3 za kupewa kwa flashi.

Nilichonacho sasa ni IEM ya KZ ya pini mbili, imebadilishwa waya mwezi huu, na adapta mbili za USB-C za Kariakoo. Matatizo ni haya. Adapta ya kwanza haitoi sauti kabisa kwenye A54, lakini kwenye Huawei P20 inapiga vizuri tu. Ya pili inatoa sauti, ila upande wa kulia uko chini, na baada ya saa moja ofisini unazidi kushuka. Halafu tangu waya mpya uingie, mwimbaji hakai katikati. Ni kama anaimba kutoka kila upande na wakati huohuo hayupo popote. Muuzaji wa waya anasema IEM imekufa, nichukue mpya.

Nimeziangalia Moondrop Chu II na Truthear Zero:Red. Wengine wananiambia niachane na waya, ninunue za Bluetooth. Nichukue ipi, au hii KZ bado inatibika?

fundi_waya

Mkuu, usitoe hata mia kwanza. Umeeleza magonjwa matatu tofauti na hakuna hata moja linaloonyesha draiva, yaani kispika kidogo cha ndani, imekufa. Draiva ikifa hunyamaza au hukwaruza. Haishuki taratibu kwa saa moja halafu kesho asubuhi ikaamka nzima. Mwenye tabia hiyo ni unyevu.

Tuanze na mwimbaji aliyepotea maana ndiyo kazi ya dakika mbili. Kila upande wa IEM una pini ya chanya na ya hasi. Ukichomeka upande mmoja kinyume, draiva moja inasukuma hewa wakati mwenzake inavuta. Sauti iliyo sawa pande zote mbili, yaani mwimbaji, besi na ngoma ya mguu, inakosa pa kukaa. Kwa kuipima huhitaji mashine. Piga dansi la zamani. Rekodi nyingi zilizofanyika studio za RTD miaka ya 1970 ni mono, kwa hiyo gitaa la solo, tarumbeta na mwimbaji vyote vinatakiwa kukaa katikati ya kichwa, pamebana kama nukta. Ili kuwa na uhakika washa sauti ya mono kwenye mipangilio ya ufikivu, sehemu ya usikivu. Hapohapo angalia kitelezi cha mizani ya kushoto na kulia kisiwe kimesogezwa. Kinasogezwa bila mtu kujua na kinalaumiwa kwa nadra.

Nukta ikikosekana, chomoa upande MMOJA tu, geuza pini nusu mzunguko, rudisha. Ikiwa sauti imejikusanya katikati, umemaliza. Weka alama ya rangi ya kucha kwenye plastiki ya pini na kwenye ganda la IEM ili siku nyingine usikosee.

Ila kagua na waya wenyewe. KZ nyingi za sasa zina soketi iliyochomoza nje na pini za milimita 0.75, wakati nyaya nyingi zinazouzwa ni za 0.78 na hazina kile kikombe cha kufunika soketi. Zinaingia, lakini kwa kulazimisha, na zinatanua soketi. Ukirudisha waya wa zamani unakuta unacheza na sauti inakatika ukitafuna. Kama ni hivyo, tafuta waya ulioandikwa QDC au aina ya C.

Sasa upande wa kulia. Fanya jaribio la kubadilishana kabla ya kugusa kitu kingine:

1. Chomoa pande zote mbili. Ganda la kulia liweke kwenye waya wa kushoto, na la kushoto kwenye wa kulia. Mkunjo wa sikio utakuwa umegeuka, usijali, unasikiliza ukubwa wa sauti tu.
2. Piga wimbo uleule wa mono, sauti ileile.
3. Udhaifu ukihama pamoja na ganda, tatizo liko kwenye ganda, na mara nyingi ni wavu wa mdomoni, pale sauti inapotokea, ulioziba. Ukibaki upande uleule wa waya, mtuhumiwa ni waya, jeki au adapta.
4. Ukibaki kwenye sikio lilelile hata ukivaa ganda na waya wa upande mwingine, basi ni kipira cha mdomoni hakizibi, au sikio lenyewe lina nta.

La nne linawapata wengi kuliko wanavyokubali. Masikio ya mtu mmoja hayalingani. Kipira cha kati kushoto na kikubwa kulia ni jambo la kawaida kabisa.

Tukirudi kwenye jeki: kuna ugonjwa unaofanana na wa pini lakini si wenyewe. Mwimbaji akipotea KABISA na kubaki vyombo vya pembeni na mwangwi tu, kama karaoke, jeki haijaingia mpaka mwisho au waya wa ardhi umekatika. Hapo unachosikia ni tofauti kati ya kushoto na kulia. Wimbo wa mono ukiupiga katika hali hiyo unakaribia kunyamaza, kwa sababu tofauti yenyewe haipo.

jeki_tatu_nukta_tano

Naongezea la adapta maana fundi ameliruka.

Zipo za aina mbili na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ya kwanza ni waya mtupu, ndani hakuna kitu. Inategemea simu itoe sauti ya analogi kupitia tundu la USB-C. P20 inafanya hivyo, A54 haifanyi, na iPhone 15 nayo haifanyi. Ndiyo maana yako inapiga kwa Huawei na kwako ni bubu. Haijaharibika. Aina ya pili ina DAC ndani, chipu inayogeuza dijiti kuwa analogi, na hiyo inafanya kazi karibu kila mahali. Dukani usikubali "inafanya kazi simu zote bosi". Nenda na simu yako mwenyewe, chomeka, piga wimbo. Ukiwa na kompyuta yenye USB-C ni rahisi zaidi: yenye DAC inajitokeza kwenye orodha ya vifaa vya sauti, waya mtupu hautokei.

Ile ya Apple ya dola 9 ina DAC safi, na toleo la Marekani linatoa takriban volti 1 wakati la Ulaya ni nusu yake. Tatizo lake ni kwamba kwenye simu nyingi za Android sauti yake inabaki chini hata ukipandisha mpaka mwisho, kwa sababu simu haiifungulii kiwango chake cha ndani. USB Audio Player PRO inalitatua hilo, ila ni programu ya kulipia na inasaidia tu muziki unaoupigia humo ndani. Kwa A54 bora adapta ndogo yenye chipu kama CX31993. Zinapatikana kwa bei ya karibu na hiyo.

Mambo mawili ya kuangalia kwenye yoyote. Ukisikia mlio wa "dzz dzz" simu ikiwa na data, weka hali ya ndegeni kidogo. Ukikatika, kijiwaya cha adapta hakina kinga, na dawa yake ni kununua nyingine. Na ukimaliza kusikiliza ichomoe. Inaendelea kunyonya betri hata muziki ukiwa umesimama.

sauti_ya_kati

Kuhusu ipi ununue, kama bado utataka kununua baada ya kuifufua KZ.

Chu II ilitoka kwa dola 19. Draiva moja ya milimita 10, ohm 18, ganda la metali, na mdomo wake unafunguliwa kwa kuzungusha, kwa hiyo wavu ukiziba unaubadilisha bila kugombana na gundi. Kwa mtu wa kiyoyozi hilo peke yake ni sababu tosha. Usiichanganye na Chu ya kwanza ya 2022, ambayo waya wake hautoki.

Udhaifu wake ni kwamba sehemu ya juu imechangamka. IEM nyingi za kisasa zinainua eneo la kilohezi 3 kwa makusudi, kwa sababu sikio lililo wazi lina mwangwi wake karibu na hapo, na ukilichomeka kitu mwangwi huo unapotea hivyo draiva lazima iurudishe. Ukirudishwa kupita kiasi, taarabu inakuwa adhabu: fidla, kanuni na sauti ya juu ya mwimbaji wa kike vyote vinaangukia humohumo. Na mkanda wa zamani una ule mvumo wa "shhh" juu, Chu II haitakuficha hata chembe.

Zero:Red ni tulivu zaidi juu na besi imewekwa chini kabisa bila kumfunika mwimbaji. Ina draiva mbili za dynamic na inakuja na kiunganishi cha ohm 10 ambacho ukikiweka katikati kinaongeza besi. Si uchawi: ukinzani wa IEM ile haulingani kwenye masafa yote, kwa hiyo rezista ya mfululizo inakula zaidi sehemu moja kuliko nyingine. Kwa taarabu na dansi ningekupa hiyo. Lakini dola 55 inakaribia kumaliza laki na nusu yako kabla ya adapta na usafiri, na mdomo wake ni mnene. Mwenye tundu dogo la sikio anaitoa baada ya nusu saa.

Kwa hiyo kwa bajeti yako: Chu II, adapta yenye DAC, halafu kinachobaki kitie kwenye vipira. Sitanii. Vipira vizuri vinabadilisha sauti kuliko kupanda kutoka IEM ya dola 20 hadi ya 50. Uwazi mdogo kati ya kipira na ngozi unamwaga besi yote iliyo chini ya hezi 200 hivi, na kinachobaki kinasikika chembamba na kikali. Mtu analaumu draiva kumbe kipira kimekaa upande.

Namna ya kuvaa: mkono wa upande wa pili upitishe nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ingiza ukizungusha kidogo, achia. Kisha piga toni inayoshuka kutoka hezi 200 hadi 30. Inatakiwa isikike mpaka chini bila kudondoka ghafla. Ikidondoka, badilisha saizi. Vya sifongo vifinye, ingiza, shikilia sekunde 30, lakini kwa joto letu vinachoka haraka na vinanyonya jasho. Silikoni ya tabaka moja inatosha.

Ukisikia mlio wa "krr" wakati wa kuingiza, ni utando wa draiva unasukumwa na hewa iliyobanwa. Ingiza taratibu. Na usizibe kitobo kidogo kilicho kwenye ganda ukidhani ni kasoro ya kiwandani.

mzee_wa_bluetooth

Mnamchosha ndugu yetu. Injini ya Mwendokasi inavuma kwenye masafa ya chini, na hapo kizuia kelele cha umeme kinashinda kipira chochote cha silikoni. IEM inazuia vizuri maongezi na honi, ule mvumo wa chini unapita. Matokeo yake mtu anapandisha sauti kushindana na basi. WHO wanasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza 3 muda unagawanyika kwa mbili. Hesabu mwenyewe ukiwa kwenye 92.

sauti_ya_kati

Mzee, kwenye mvumo nakubali bila ubishi. Kama matumizi yangekuwa basi peke yake, ningesema hivyohivyo.

Ila sema na mengine. Betri iliyo ndani ya kila upande ni ndogo sana na fundi wa kawaida haibadilishi, kwa hiyo ikichoka kifaa kizima kimekwisha. SBC, njia ya kawaida ya Bluetooth kubana sauti, inaishia kama kilobiti 328 kwa sekunde. LDAC, njia ya ubora zaidi, ina ngazi tatu, 330, 660 na 990, na 990 katikati ya kituo cha Kivukoni saa mbili asubuhi, simu mia zinazungumza kwenye gigahezi 2.4, itakatakata tu. Ifunge kwenye 660 kupitia chaguo za wasanidi programu, utatulia. Na uwezo huo uwepo kwenye simu na kwenye hedifoni, upande mmoja hautoshi.

kibwagizo_dsm

Wakuu, majibu ya vipimo.

Pini ya kushoto ilikuwa kinyume. Nimegeuza, mwimbaji amerudi katikati kama mlivyosema. Jaribio la kubadilishana: udhaifu umehama na ganda la kulia. Nikimulika tochi mdomoni naona wavu una kitu kama utando unaong'aa. Nipulize? Na kuna namba sijazielewa: Chu II wameandika 119 dB/Vrms, nyingine wanaandika 105 dB/mW. Ipi inapiga kwa nguvu zaidi?

fundi_waya

USIPULIZE. Pumzi ni maji, na shinikizo lake linausukuma utando wa draiva. Wala sindano usiiguse.

Huo utando unaong'aa ni maji na nta. Ofisini ganda linapoa kwa kiyoyozi wakati ndani ya sikio ni joto na unyevu, kwa hiyo mvuke unaganda juu ya wavu kama unavyoganda kwenye chupa ya soda baridi. Matundu yenyewe ni madogo mno, tone dogo sana linatosha kuyafunika, na trebo ndiyo inayoondoka kwanza.

Toa kipira. Shika ganda mdomo ukiangalia CHINI muda wote, ili kinachotoka kianguke nje. Piga mswaki mkavu laini, mipigo mifupi. Kisha gusisha kona ya tishu kwenye wavu uone kama inanyonya maji. Nta ikiwa imeganda, chovya kijiti cha pamba kwenye hydrogen peroxide ya asilimia 3 ya duka la dawa, kikamue kiwe na unyevu tu, gusa wavu, subiri dakika moja, futa, rudia mara mbili au tatu. Kisidondoshe hata tone. Halafu liache ganda usiku kucha kwenye kopo linalofungika pamoja na pakiti mbili tatu za silika zile za kwenye maboksi ya viatu. Mchele haufanyi kazi hiyo, unaacha vumbi la wanga mdomoni mwa IEM.

Ikipona, fanya kopo hilo kuwa nyumba yake ya kila usiku. Mwezi wa pili na wa tatu Dar silika inashiba haraka. Zenye punje za rangi zinakuonyesha zikishiba. Zikaushe kwenye sufuria kavu moto mdogo, punje tupu, usiweke na pakiti.

Isipopona, wavu unabadilishwa. Zinauzwa kama stika za mduara.

Kuhusu namba, hazilinganishwi moja kwa moja. Moja ni kwa volti, nyingine kwa miliwati. Kugeuza ya miliwati iwe ya volti, gawa 1000 kwa ohm za IEM, chukua logi ya kumi, zidisha kwa 10, ongeza. IEM ya ohm 16 yenye 105 dB/mW: 1000 kwa 16 ni 62.5, logi yake mara kumi ni kama 18, jumla 123 dB kwa volti. Kumbe hiyo inapiga juu ya Chu II kwa desibeli 4 ingawa namba ya kwenye boksi ni ndogo. Zote mbili adapta yoyote yenye DAC inazitosha na kubaki. Hakuna haja ya amplifaya ya pembeni, atakayekuuzia anakuuzia uzito wa mfukoni.

jeki_tatu_nukta_tano

Na zile mp3 za flashi zikague kabla ya kulaumu kifaa kipya. Fungua faili kwenye Spek, programu ya kompyuta inayochora masafa ya sauti. Ya kilobiti 128 kwa kawaida inakatwa kama kwa kisu kwenye kilohezi 16 hivi, ya 320 inafika karibu 20. Utakuta jina la faili linasema 320 na mchoro unaishia 16, mtu ameipanua ya mtandaoni. Ukubwa umeongezeka, sauti haijaongezeka.

Kwa taarabu kali jaribu ikwalaiza ya Wavelet, shusha eneo la kilohezi 2 hadi 4 kwa desibeli 2 tu, usikilize siku mbili kabla ya kugusa tena. Kwa singeli usiongeze besi zaidi ya 3 au 4, kwa kasi ile mapigo yanaanza kukanyagana. Na chochote unachopandisha, shusha sauti ya jumla kiasi hichohicho, la sivyo kilele cha wimbo kinakatika na utarudi hapa kuuliza kwa nini inakwaruza.

kibwagizo_dsm

Ganda limelala kwenye silika tangu jana, leo pande zote ziko sawa hadi saa nne hivi, kisha kulia kumeshuka kidogo tena. Naona wavu wa kubadilisha ndio njia. Saizi gani?

fundi_waya

Pima mdomo kwa vernier, sehemu ya ndani ambapo stika inakalia, si ukingo wa nje. Zinazopatikana kwa wingi ni milimita 4.5, 5 na 5.5. Ukikosa inayolingana chukua ndogo kidogo, kubwa itajikunja pembeni na uchafu utapita. Badilisha pande ZOTE mbili kwa pamoja kutoka karatasi moja, maana wavu mmoja ukiwa mzito kuliko mwenzake utakuwa umejitengenezea tatizo lilelile ulilokuja nalo.